Ziwa Ndani ya Kioo: Historia ya Ufugaji wa Samaki wa Asili wa Maziwa Makuu katika Matangi ya Nyumbani

Ikisiri

Kwa zaidi ya nusu karne, samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika, Ziwa Viktoria na Ziwa Malawi wamekuwa wakisafirishwa wakiwa hai kwenda kufugwa katika matangi ya kioo ya nyumbani barani Ulaya na Marekani. Wakati huohuo, nyumba zilizo kandokando ya maziwa hayo zimebaki bila samaki hao. Makala haya yanafuatilia historia ya hali hiyo tangu kuzuka kwa tangi la nyumbani katikati ya karne ya 19 hadi mikataba ya kikanda ya sasa. Yanadai kuwa tangi la nyumbani ni aina ya hifadhi ya kumbukumbu: linaweza kutunza spishi iliyotoweka ziwani, lakini thamani yake hutegemea kuandikwa kwa mahali samaki alikotoka, na haliwezi kuchukua nafasi ya ziwa. Mwisho, makala yanapendekeza masharti ambayo kwayo ufugaji wa samaki wa asili unaweza kurudishwa kwa wenyeji bila kuyadhuru maji.

1. Utangulizi

Mwaka 1985 samaki mdogo aliyevuliwa katika Ghuba ya Mwanza alipewa jina la kisayansi Haplochromis nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, aliyeng'atuka kutoka urais wa Tanzania mwaka huohuo. Dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wenye michirizi ya wima. Mwaka 1998 samaki huyo aliwekwa katika jenasi mpya iliyoitwa Pundamilia, jina lililochukuliwa moja kwa moja kutoka Kiswahili kwa sababu ya michirizi hiyo. Ni viumbe wachache duniani wanaobeba katika jina lao la kisayansi neno la Kiswahili pamoja na jina la kiongozi wa Afrika Mashariki.

Leo Pundamilia nyererei ni miongoni mwa samaki wa Ziwa Viktoria wanaofahamika zaidi kwa wafugaji wa nyumbani huko Ujerumani, Uholanzi na Marekani. Huzaliana vizuri katika tangi, na vizazi kadhaa vimekwisha kupita bila kuyaona maji ya ziwa. Katika Kampala, Bujumbura au Mwanza, kwa upande mwingine, tangi lililowekwa katika ukumbi wa hoteli au sebule ya nyumba aghalabu huwa na samaki wa dhahabu wenye asili ya Uchina, au gapi wenye asili ya Amerika ya Kusini. Samaki aliyepewa jina la Mwalimu ni mgeni katika miji ya ziwa lake mwenyewe.

Hali hiyo haikutokea kwa bahati, na si jambo la mapambo tu. Watafiti wa uvuvi na washauri wa sera wamezoea kumhesabu samaki kwa tani, kwa kuwa ndiye kitoweo na ndiye fedha za kigeni. Samaki asiyeliwa sana, au aliye mdogo mno kuingia katika takwimu, hubaki nje ya hesabu. Makala haya yanamtazama samaki huyo aliyeachwa nje, na yanauliza maswali matatu. Alifikaje katika vioo vya mbali? Vioo hivyo vimemhifadhi kwa kiasi gani? Na je, upo mwanya wa wenyeji kuwa walezi wake?

2. Tangi la nyumbani lilianza na samaki wa nyumbani

Tangi la kioo kama linavyojulikana sasa ni zao la karne ya 19. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya kwanza ya samaki kwa ajili ya umma, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse alichapisha kitabu kilichoeneza hamasa ya kufuga viumbe wa baharini majumbani. Nchini Ujerumani, Emil Adolf Roßmäßler aliandika mwaka 1856 makala ambayo kichwa chake kilimaanisha "ziwa ndani ya kioo", kisha mwaka uliofuata akatoa kitabu kuhusu tangi la maji baridi. Roßmäßler alikuwa mwalimu wa elimu ya viumbe kwa watu wa kawaida, na ziwa alilotaka waliweke ndani ya kioo lilikuwa ziwa la kwao. Msomaji alihimizwa kwenda kwenye kidimbwi au mto wa jirani, achukue mimea, konokono na samaki wadogo, awatazame na kujifunza jinsi mmea, mnyama na maji vinavyotegemeana.

Jambo hili ni muhimu kwa hoja ya makala haya. Ufugaji wa nyumbani haukuanza kama burudani ya kumiliki kiumbe wa mbali, bali kama somo la kuyajua maji ya karibu. Mgeni alikuja baadaye. Mwaka 1869 Pierre Carbonnier wa Paris alianza kuzalisha samaki wa rangi kutoka Asia ya Mashariki, na tangu hapo soko likaelekea kwenye nchi za joto.

Bonde la Nile liliingia mapema katika historia hiyo. Mwaka 1903 jarida la Kijerumani la wafugaji wa samaki lilichapisha maelezo ya spishi mpya ndogo iliyoletwa kutoka Misri, ambayo sasa huitwa Pseudocrenilabrus multicolor. Jike lake hutunza mayai na vifaranga kinywani. Nasaba yake ya kusini huishi katika vinamasi na mito ya bonde la Ziwa Viktoria, ikiwemo ya Uganda, ambako watoto wa vijijini wamemwona kabla ya jarida lolote. Hata hivyo, ulimwengu wa kitaaluma ulimfahamu kupitia sebule za Ujerumani. Hapo ndipo ulipoanza mwenendo ambao ungedumu: kiumbe wa hapa, maarifa yaliyoandikwa kule.

3. Kutoka mwambani hadi mfuko wa plastiki: Ziwa Tanganyika

Ziwa Tanganyika limegawanywa kati ya Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia. Kina chake hufikia takriban mita 1,470, na umri wake hukadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12. Humo mna spishi zaidi ya 200 za familia ya Cichlidae, yaani ukoo wa sato na jamaa zake, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote.

Uorodheshaji wa kisayansi wa samaki hao ulianza mwishoni mwa karne ya 19. Mwingereza J. E. S. Moore alifanya safari za uchunguzi ziwani katika miaka ya 1890, na mwaka 1898 George Albert Boulenger akawafafanua samaki aliowaleta, akiwemo Tropheus moorii. Msafara wa Wabelgiji wa mwaka 1946 na 1947 ulimpa Max Poll mkusanyiko mkubwa ulioweka msingi wa uainishaji unaotumiwa mpaka leo. Katika miaka hiyohiyo taasisi ya utafiti ya Kibelgiji, IRSAC, ilianzisha kituo Uvira, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa upande wa Kongo. Huko Georges Marlier alichunguza maisha ya viumbe wa ufukweni, na mwaka 1959 alimfafanua Tropheus duboisi, ambaye mtoto wake ana madoa meupe kama nyota juu ya mwili mweusi. Madoa hayo ndiyo yaliyomfanya apendwe na wafugaji.

Mpaka hapo samaki walisafiri wakiwa wamekufa, ndani ya chupa za pombe au formalini. Mabadiliko yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard alipoanzisha kituo cha kusafirisha samaki hai Bujumbura. Kazi yenyewe ilihitaji ustadi. Samaki wa mwambani hawavuliwi kwa kokoro wala kwa ndoana. Mpiga mbizi hutandika nyavu ndogo miongoni mwa mawe na kuwasukuma humo mmojammoja. Wanaoishi kwenye kina kirefu, kama Cyphotilapia frontosa mwenye kinundu kichwani, hawana budi kupandishwa kwa hatua, kwa sababu hewa iliyo katika kibofu chao hutanuka kadiri mgandamizo wa maji unavyopungua, na samaki apandishwaye haraka hufa. Baada ya kupumzishwa katika mahodhi, walitiwa katika mifuko ya plastiki yenye maji kidogo na oksijeni nyingi, wakapangwa katika masanduku yanayozuia joto, wakapelekwa uwanja wa ndege.

Brichard hakuwa mfanyabiashara tu. Aliandika vitabu viwili vikubwa kuhusu samaki wa ziwa hilo, mwaka 1978 na 1989, na wanasayansi walimpa heshima kwa kuwaita samaki kwa jina lake. Mmoja wao, Neolamprologus brichardi, aliingia sokoni kwa jina la Kiingereza lenye maana ya "Binti Mfalme wa Burundi". Samaki huyo ana tabia iliyowashangaza watafiti: vifaranga wakikua hawaondoki, bali hubaki kwa wazazi wao na kusaidia kulinda mayai na wadogo zao. Mwaka 1981 Michael Taborsky na Dominique Limberger walichapisha uchunguzi kuhusu wasaidizi hao, na tangu hapo spishi hiyo imekuwa mfano maarufu wa ushirikiano katika malezi, ikichunguzwa ziwani na katika matangi ya vyuo vya Ulaya.

Biashara hiyo iliacha alama isiyo ya kawaida katika jiografia. Kwa kuwa samaki wa jenasi ya Tropheus hubadilika rangi kutoka mwamba mmoja hadi mwingine, wafugaji walianza kuwataja kwa majina ya vijiji na rasi: Ikola ya Tanzania, Bemba na Kiriza za Kongo, Rutunga ya Burundi. Mfugaji wa Ujerumani ambaye hajawahi kufika Afrika anaweza kuyataja majina ya vijiji vya ufukwe huu kwa mpangilio, na asikubali kuwachanganya samaki wa vijiji viwili katika tangi moja. Kwa hakika, kujali huko jina la mahali ndiko kulikofanya tangi la Tanganyika liwe na thamani ya kitaaluma. Itaonekana katika sehemu ya tano kwamba pale jina la mahali lilipopotea, na thamani ilipotea nalo.

Lakini mizani ya faida haikuwa sawa. Wapiga mbizi wenyeji, ambao macho yao ndiyo yaliyozitambua tofauti za rangi kabla ya mtaalamu yeyote, ni nadra kuonekana katika majina ya kisayansi. Zaidi ya hayo, biashara iliyotegemea ndege na usalama wa fukwe haikuweza kubaki ilivyokuwa baada ya vita kuzuka Burundi mwaka 1993 na mashariki mwa Zaire mwaka 1996.

4. Furu, sangara na kimbilio la kioo: Ziwa Viktoria

Ikiwa Tanganyika inaonyesha jinsi samaki walivyoingia katika kioo kwa ajili ya uzuri wao, Viktoria inaonyesha jinsi walivyoingia humo kwa ajili ya uhai wao. Samaki wanaohusika ni wadogo wa kundi la Haplochromis, waitwao furu na wavuvi wa Mwanza, fulu na Wajaluo, na nkejje na Waganda. Waganda wana hata ukoo unaobeba jina la Nkejje. Watafiti wanakadiria kuwa ziwani mlikuwa na spishi zaidi ya 500 za kundi hilo, kila moja na chakula chake: walao mwani, walao konokono, walao vijidudu vya maji, na walao vifaranga wa samaki wengine. Uchunguzi uliofanywa kwa nyavu za kukokota mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulionyesha kuwa furu walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa karibu na sakafu ya ziwa.

Kwa maofisa wa uvuvi wa kikoloni, wingi huo ulikuwa hasara: samaki wadogo, wenye miiba, wasio na bei. Wazo likawa kuleta samaki mkubwa awale na kugeuza nyama yao kuwa minofu. Sangara aliingizwa ziwani upande wa Uganda mwaka 1954, na uingizaji rasmi ukafuata mwaka 1962 na 1963. Onyo lilikuwapo. Geoffrey Fryer aliandika mwaka 1960 kupinga mpango huo. Humphry Greenwood, aliyefanya kazi katika taasisi ya utafiti wa uvuvi iliyokuwa Jinja, alikuwa akionyesha kwa maandishi yake jinsi furu walivyo hazina ya pekee ya mageuko ya viumbe. Onyo halikusikilizwa.

Kwa miaka takriban 20 sangara hakuonekana kuleta madhara makubwa. Kisha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, akaongezeka kwa ghafla. Katika Ghuba ya Mwanza, kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden lililoanza kazi mwaka 1977 likishirikiana na Watanzania, kwa lengo la kuwaelewa furu, lilijikuta likishuhudia kutoweka kwao. Kufikia nusu ya pili ya miaka ya 1980, furu walikuwa wamepungua hadi chini ya asilimia 1 ya samaki walionaswa katika nyavu za utafiti huo. Mwaka 1992 Frans Witte na wenzake walikadiria kuwa takriban spishi 200 zilikuwa zimetoweka au zimo hatarini mwa kutoweka. Sangara hakuwa peke yake katika lawama. Mbolea, udongo na maji machafu ya miji yalirutubisha mwani, maji yakapoteza uangavu, na tabaka za chini zikakosa oksijeni. Ni haki pia kukumbuka kuwa sangara alizaa viwanda, ajira na fedha za kigeni katika nchi zote tatu za ziwa. Gharama ya neema hiyo ndiyo ambayo haikuwahi kuandikwa katika daftari moja na faida.

Katika hali hiyo, watafiti walipeleka baadhi ya furu wakiwa hai Leiden na kuwazalisha katika maabara. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, bustani za wanyama na nyumba za samaki za Marekani zilianzisha mpango wa pamoja wa kuzalisha samaki wa Ziwa Viktoria walio hatarini. Wafugaji wa nyumbani walijiunga kwa njia yao, wakigawana vifaranga. Haplochromis perrieri, furu mdogo mla samaki, aliwahi kuorodheshwa na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, kama spishi iliyotoweka porini na kubaki katika matangi tu. Kwa maneno mengine, ulifika wakati ambapo kizazi chote cha samaki wa ziwa lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800 kilitegemea vioo vichache, umeme wa nchi za mbali, na hiari ya watu wachache waliojali.

5. Kioo si ziwa

Mafanikio hayo yasikuzwe kupita kiasi. Historia inatoa mafunzo manne yanayoonyesha mipaka ya tangi.

Kwanza, ziwa haliganda likisubiri. Haplochromis pyrrhocephalus, furu mla vijidudu wa Ghuba ya Mwanza, alikaribia kutoweka katika miaka ya 1980, kisha akarudi kwa wingi katika miaka ya 1990. Lakini aliyerudi hakuwa yuleyule. Witte na wenzake walionyesha kuwa mwili wake ulikuwa umebadilika, na mashavu yake ya kuvutia pumzi yalikuwa yamepanuka kulingana na uhaba wa oksijeni. Samaki anayetunzwa katika kioo tangu kabla ya mabadiliko hayo ni shahidi wa ziwa lililopita. Ushahidi wake una thamani kubwa, ila hauthibitishi kwamba anaweza kurudishwa katika ziwa lililopo.

Pili, samaki asiye na kumbukumbu ya mahali hupoteza maana. Spishi nyingi za furu ni jamaa wa karibu mno, na katika tangi dogo jike huweza kuzaa na dume wa spishi nyingine. Yupo furu anayefahamika sana kwa wafugaji ambaye jina lake la kawaida ni nambari tu, "44". Anapendwa kwa rangi yake, lakini nambari haimwambii mtafiti ni mwamba gani, ghuba gani, wala maji gani yaliyomlea. Linganisha na Tropheus wa Ikola au Rutunga, ambaye jina la kijiji linamfuata hadi kizazi cha kumi.

Tatu, tangi hufundisha pale tu linapotumiwa kuuliza swali la ziwa. Mwaka 1997 Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Witte walionyesha kwamba spishi za furu hubaki tofauti kwa sababu majike huchagua madume kwa rangi. Katika matangi, mwanga ulipobadilishwa hata rangi zisionekane, majike waliacha kubagua. Katika sehemu za ziwa zenye maji yaliyochafuka, rangi zilikuwa zimefifia na spishi zilikuwa chache. Hitimisho lake kwa sera lilikuwa zito: uchafuzi wa maji unaweza kuifuta spishi bila kumuua hata samaki mmoja, kwa kuwachanganya tu. Ugunduzi huo haungewezekana bila kioo, na usingekuwa na maana bila ziwa.

Nne, biashara ya tangi yenyewe inaweza kudhuru. Katika Ziwa Malawi, ambalo samaki wake wa mwambani huitwa mbuna, wafanyabiashara wa samaki hai waliwahamisha baadhi yao kutoka kwao na kuwaachia katika Kisiwa cha Thumbi Magharibi. Wageni hao walistawi, na jamii ya samaki ya kisiwa hicho haijarudi ilivyokuwa. Katika ziwa hilohilo yupo Chindongo saulosi, mwenye jike la manjano na dume la buluu, aliyepewa jina la mpiga mbizi mwenyeji. Makazi yake ni mwamba mmoja mdogo ndani ya maji. IUCN imemweka katika daraja la walio hatarini kabisa, na sababu kuu ni kuvuliwa kwa ajili ya matangi. Huzalishwa kwa maelfu katika nyumba za Ulaya, huku akipungua kwake.

Pamoja na hayo, haitakuwa sahihi kuutwika ufugaji wa nyumbani mzigo wote. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika fukwe za Tanganyika, zikiwemo za Burundi na Kongo. Walionyesha kuwa mashapo yanayoshuka kutoka milima iliyokatwa miti hufunika mawe na kupunguza idadi ya spishi. Mpiga mbizi huchukua samaki kutoka mwambani, bali udongo huuchukua mwamba wenyewe.

6. Kurudisha kioo kwa wenyeji

Mikataba ipo. Nchi nne za Tanganyika zilitia saini mkataba wa usimamizi endelevu wa ziwa hilo Dar es Salaam mwaka 2003, na mamlaka yake ina makao Bujumbura. Shirika la uvuvi la Ziwa Viktoria liliundwa kwa mkataba wa mwaka 1994, makao yake yakiwa Jinja. Mkataba wa Bayoanuwai wa mwaka 1992 ulitambua mamlaka ya kila nchi juu ya rasilimali zake za kijenetiki, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 ikaweka utaratibu wa kugawana manufaa. Hata hivyo, samaki wengi waliomo katika vioo vya nje waliondoka kabla ya vyombo hivyo kuwapo. Kuwadai kisheria ni kazi ngumu, na hata ikifanikiwa haitarudisha ujuzi wa kuwatunza. Ujuzi huo hupatikana kwa mikono.

Kwa hiyo makala haya yanapendekeza njia ya pili: kuujenga ufugaji wa samaki wa asili katika shule, vyuo na nyumba za ukanda huu, chini ya masharti machache yaliyo wazi. La kwanza ni kwamba kila tangi liwe na samaki wa mahali pamoja, na jina la mahali hapo, tarehe na aliyewavua viandikwe na kutunzwa. La pili, samaki wa tangi wasirudishwe kamwe katika maji ya wazi, hata yale waliyotoka, kwa hofu ya magonjwa na mchanganyiko. La tatu, spishi zenye makazi finyu zipatikane kwa kuzalishwa tu. La nne, wapiga mbizi na wavuvi wanaotambua tofauti za samaki watajwe katika kumbukumbu kama wataalamu. La tano, majina ya wenyeji yaandikwe kando ya yale ya Kilatini.

Masharti hayo hayahitaji fedha nyingi. Ukanda huu una faida ambayo mfugaji wa Ulaya hana: maji yenyewe. Mfugaji wa mbali hulazimika kuongeza chumvi na kupasha moto ili aige maji ya Tanganyika, yenye alkali na joto la nyuzi zipatazo 25. Mwalimu wa Uvira au Rumonge ana maji hayo mlangoni. Pia yapo maziwa madogo ambayo maumbile yaliyatenga mithili ya matangi. Nabugabo nchini Uganda lina spishi zake tano za furu, ambazo Greenwood aliziandikia mwaka 1965. Kanyaboli nchini Kenya limemhifadhi ngege, sato wa asili wa Ziwa Viktoria aliyetoweka katika sehemu kubwa ya ziwa lenyewe. Tangi la shule lililo karibu na maziwa kama hayo linaweza kuwa dirisha la kuyatazama na sababu ya kuyalinda.

Upo upinzani wenye uzito: kuwahimiza watu kufuga kunaweza kuongeza uvuvi haramu na uachiaji ovyo. Mfano wa Kisiwa cha Thumbi unathibitisha kuwa hofu hiyo si ya bure. Lakini mfano huo ulitokea pale ufugaji ulipokuwa biashara ya wachache isiyosimamiwa, isiyojulikana na jamii iliyozunguka. Marufuku pekee huacha hali kama ilivyo: samaki wanaendelea kuondoka, na anayebaki ufukweni hajui ni nini kilichoondoka.

7. Hitimisho

Roßmäßler alipoandika juu ya ziwa ndani ya kioo, alikusudia mtu alitazame ziwa la kwao kwa macho mapya. Kwa Maziwa Makuu, historia ilikwenda kinyume: ziwa liliwekwa ndani ya kioo cha mtu mwingine. Kioo hicho kimetunza baadhi ya kilichopotea, na wanaokitunza wanastahili shukrani. Kimeonyesha pia kwamba samaki bila jina la kwao hupungua thamani, na kwamba spishi inaweza kuongezeka sebuleni huku ikimalizika mwambani.

Mtoto aliyezaliwa Mwanza, Jinja au Kisumu baada ya mwaka 1985 amemjua sangara kama samaki wa ziwa tangu mwanzo. Hawezi kusikitikia furu ambaye hajapata kumwona, wala hawezi kudai maji safi kwa ajili ya rangi ambazo hajui zilikuwapo. Sera za maji na uvuvi zitaendelea kuandikwa kwa tani na kwa shilingi, na ndivyo inavyopasa kwa sehemu kubwa. Ila tangi moja darasani, lenye samaki wachache na kibandiko kinachosema walikotoka, lingemwezesha mtoto huyo kuuliza kwa nini katika ziwa la kwao hawaonekani tena.